Uwakili Si Mdomo

Hotuba hii ilitolewa kwa mawakili walioapishwa karibuni. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mawakili wapya, wazazi na walezi mliowasindikiza, mawakili wakongwe mlioacha majalada yenu kuja kuwapokea wadogo zenu: habari za asubuhi.

Majoho mliyovaa bado yana mikunjo ya kabatini. Furahini nayo leo, mmeyatolea jasho. Lakini kabla hamjayatundika ukutani, naomba niwaulize swali moja. Mnadhani mmepewa ruhusa ya kufanya nini?

Wengi watajibu: kusema. Kusimama mbele ya hakimu na kusema. Tangu utotoni, mtoto akibishana vizuri na wakubwa huambiwa, "Huyu atakuwa wakili." Anakua na maneno hayo, anasoma nayo, anaapa nayo, halafu siku ya kwanza kazini anakuta mezani majalada kumi na mawili na hakuna hata moja linalomtaka aseme neno. Yote yanamtaka asome, aulize, ahesabu siku, aandike. Uwakili si mdomo, ndugu zangu. Mdomo huja mwisho wa kazi, na ukifika peke yake hauna la kusema.

Mwaka 1891 kijana wa miaka 21 alimaliza masomo ya sheria London, akapokelewa kuwa wakili, akapanda meli kurudi India. Jina lake Mohandas Gandhi. Bombay akapata kesi yake ya kwanza, kesi ndogo ya madai, kwa ada ya rupia 30. Alimwakilisha mdaiwa, kwa hiyo kazi yake siku ile ilikuwa kuwahoji mashahidi wa mdai. Akasimama. Kichwa kikamzunguka, akaona kama mahakama nzima inazunguka pamoja naye, na hakuna swali hata moja lililomjia. Akakaa. Akamwambia wakala wa mteja kwamba kesi ile hataiweza, na ada akairudisha. Wakili aliyechukua nafasi yake alilipwa rupia 51.

Je, alikosa nini? Sheria alikuwa ameisoma. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alisoma sheria bila kujifunza namna ya kuitumikia. Hakujua mtu anaanzia wapi.

Miaka miwili baadaye alikwenda Afrika Kusini kusaidia shauri la wafanyabiashara wawili waliokuwa wakidaiana pauni 40,000. Shauri lote lilikuwa la mahesabu, naye mahesabu hakuyajua. Alikutana na kifupisho kimoja cha hati ya ahadi ya kulipa, akakitafuta kwenye kamusi, hakukiona. Alifanya nini? Alimwuliza karani. Kisha akanunua kitabu cha utunzaji wa hesabu, akakisoma, akarudi kwenye makaratasi ya shauri na kuyapitia moja moja mpaka akaijua kesi ya mteja wake na ya mpinzani wake pia. Ni kijana yule yule aliyekaa kimya Bombay. Tofauti ilikuwa kwamba sasa alikuwa anajua kilichotokea.

Kwa hiyo tuanze na hapo: kujua kilichotokea. Na ili niwaonyeshe, nitawasimulia kisa cha kubuni cha wakili kijana ambaye simpi jina. Mpeni majina yenu.

Ana miezi minne tangu aapishwe. Anakuja fundi ujenzi, mtu mzima, mwenye kikosi cha vijana sita. Amemjengea mtu nyumba, amelipwa awamu tatu, awamu ya nne hajalipwa. Ana mkataba mkononi. Dakika ya tatu kijana wetu anamkatiza: "Nimekuelewa mzee wangu, huu ni uvunjaji wa mkataba." Jioni ile ile barua ya madai imeshaandikwa. Mwezi wa pili hati ya madai imefunguliwa, na aya ya 9 inasema kwamba baada ya mkataba, wahusika hawakuandikiana jambo lingine lolote. Fundi ameweka sahihi ya uthibitisho chini yake kwamba yote ni kweli.

Inakuja hati ya utetezi. Imeambatanishwa na karatasi moja, mistari miwili: "Nimepokea malipo yangu yote. Sina dai." Sahihi ni ya fundi.

Kijana anampigia simu fundi, sauti inatetemeka. Fundi anajibu kwa mshangao wa kweli: "Ah, ile? Alinisainisha ndipo anipe kidogo cha kuwalipa vijana. Si risiti ile, mwanangu. Nilijua haina maana."

Ndugu zangu, mteja huyu hakudanganya. Hakuulizwa. Wateja huficha mambo kwa sababu nyingi: aibu, hofu, au kudhani kwamba jambo si la kisheria. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini kazi ya mkunga ni kumfanya mtu asione aibu. Mkunga ni wewe.

Hii hapa namna ya kumpokea mteja, na naomba muiandike.

Kabla hajafungua mdomo kueleza siri yake, chukua majina. Jina lake kamili, jina la anayemlalamikia, majina ya kampuni na watu wote wanaohusika. Yatafute kwenye orodha ya wateja wa ofisi. Ukishasikiliza siri ya mtu halafu ukagundua mpinzani wake ni mteja wa ofisi yenu, umejifunga: huenda ukalazimika kujitoa pande zote mbili, kwa sababu ulichosikia hakisahauliki.

Kisha mwache aseme. Mwache aseme mpaka achoke, hata kama ni nusu saa. Usiandike sana, mtazame. Mara ya kwanza mtu husimulia hasira yake, na ndani ya hasira mna vitu ambavyo maswali yako yasingevitoa.

Akimaliza, mrudishe mwanzo, safari hii kwa tarehe. Lini mlikutana? Lini mlisaini? Nani alikuwepo? Halafu nini? Kila akisema "halafu", mwulize "siku gani?" Hasira haina tarehe, ushahidi unazo.

Mara ya tatu ni karatasi. Usimwulize "una nyaraka zozote?" Atasema hana, kwa maana nyaraka kwake ni kitu chenye mhuri. Mwulize: umewahi kusaini kitu chochote, hata kipande cha daftari? Mlitumiana ujumbe kwenye simu? Nani alipiga picha? Pesa zilipita njia gani, na kila njia imeacha alama gani?

Na kabla hajaondoka, swali ambalo kijana wetu hakuliuliza: "Mzee wangu, yule mwenzako akikaa kwenye kiti hiki sasa hivi, atasema nini juu yako?" Uliza, kisha nyamaza. Ukimya utakaofuata usiujaze wewe. Hapo ndipo ile karatasi ya mistari miwili hutoka mfukoni.

Siku hiyo hiyo, usisubiri kesho, andika kumbukumbu ya mazungumzo. Kisha mwandikie mteja barua: umenieleza haya, umenipa nyaraka hizi, nitafanya kazi hii, sitafanya ile, ada yangu ni hii na inalipwa hivi. Barua hiyo huokoa urafiki. Siku mteja akisema "nilidhani na rufaa imo humo humo", barua itajibu badala yako, bila ugomvi.

Fundi angeulizwa siku ya kwanza, ile karatasi ingetajwa kwenye hati ya madai yenyewe, pamoja na jinsi ilivyopatikana: aliambiwa asaini kwanza, vijana sita walikuwa nje wanasubiri ujira, alichopewa hakifiki hata robo ya deni. Karatasi ile ile, ikitajwa na wewe kwanza, ni maelezo ya dhuluma aliyotendewa. Ikitajwa na mpinzani baada ya aya ya 9, inageuka ushahidi kwamba mteja wako si mkweli.

Tuje kwenye kalamu.

Wengi mmesoma kesi ya konokono kwenye chupa. Bi. May Donoghue, Scotland, Agosti 1928: rafiki yake alimnunulia soda ya tangawizi, na kwenye mabaki ya kinywaji, kwa maelezo yake, kukaonekana konokono aliyeoza. Mlifundishwa kanuni iliyotokana nayo mwaka 1932, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa bidhaa yake. Mimi nataka muitazame kama kazi ya wakili. Wakili wake, Walter Leechman, alikuwa ametoka kushindwa katika kesi za namna hiyo hiyo, za panya ndani ya chupa. Hukumu ile ilitoka tarehe 20 Machi 1929. Tarehe 9 Aprili alifungua ya Donoghue. Siku ishirini! Tena kwa mteja ambaye ilibidi aombe ruhusa ya kuendesha shauri kama fukara, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kubeba gharama.

Na jambo hili wengi hulisahau: hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba konokono alikuwepo. Majaji watano waliamua, watatu kwa wawili, kwa kusoma yaliyoandikwa tu, wakiuliza: haya yakiwa kweli, je, kuna dai? Ushindi ule ulitoka kwenye karatasi. Kwa hiyo angalieni karatasi ilibeba nini. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi kisichopitisha macho, kwa hiyo hakuna ambaye angeona kilichomo. Ilifungwa kiwandani, kwa hiyo muuzaji hakuwa na nafasi ya kukagua. Ilikuwa na nembo ya mtengenezaji. Aliyeinunua ni rafiki, kwa hiyo mdai hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Kila jambo liliziba njia moja ya kutorokea.

Hati ya madai inaandikwa hivyo. Aya moja, jambo moja. Nani alifanya nini, lini, wapi, kiasi gani. Vivumishi vya hasira viache nje: "kwa ukatili usio na mfano" hakumsaidii hakimu kuamua lolote. Ushahidi wenyewe usiumwage humo. Taja tukio, shahidi atakuja kulieleza. Na mwisho kabisa, yale unayoomba. Orodhesha yote, kwa maana mahakama kwa kawaida haikupi usichoomba. Nimeona mawakili wakithibitisha deni zima halafu riba ikawakosa kwa sababu hawakuitaja.

Kuhusu hati za kiapo, makosa ni yale yale kila mwaka. Anayeapa anasema jambo kana kwamba aliliona, kumbe aliambiwa. Aseme aliambiwa na nani, na kwamba anaamini. Hoja za kisheria zinaingizwa ndani ya kiapo, wakati kiapo ni cha mambo yaliyotokea. Sehemu ya mwisho inakosa tarehe au mahali pa kuapia. Viambatisho havina alama. Na kubwa kuliko yote: wakili anachukua hati ya jalada la zamani, anabadilisha majina, anasahau moja. Hebu fikirini mnasimama mbele ya jaji na aya ya 14 ina jina la mteja mwingine kabisa. Tafuteni kila jina, kila tarehe, kila tarakimu, kisha mpeni mtu mwingine asome kwa sauti. Jicho la aliyeandika husoma alichokusudia. Lililoandikwa hulipita.

Sasa ndiyo tunafika kwenye mdomo. Mnaona umechelewa kiasi gani?

Kijana wetu yuko mahakamani. Mwenye nyumba anasimama kutoa ushahidi: awamu ya nne aliilipa taslimu, mkononi mwa fundi. Wakili kijana anaanza maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, na anaanza vizuri sana. Awamu ya kwanza ulilipa kupitia benki? Ndiyo. Ya pili? Benki. Ya tatu? Benki. Kila moja ina hati ya benki? Ndiyo. Ya nne ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote? Ndiyo. Haina hati ya benki? Haina.

Hakimu anaandika. Ukumbi umetulia. Ni wakati wa kukaa. Lakini kijana ameona damu, na mdomo unamwasha. Anauliza: "Sasa kwa nini safari hii ulilipa taslimu?"

Mwenye nyumba anavuta pumzi. "Kwa sababu fundi mwenyewe aliniomba. Vijana wake walikuwa wanadai ujira wao siku ile ile, na benki zilikuwa zimefungwa. Ilikuwa Jumapili."

Mnaona? Maswali sita yalijenga ukuta, la saba likaubomoa. Neno "kwa nini" humpa shahidi kipaza sauti. Na jibu lile lilikuwa linajulikana mapema na yeyote aliyeangalia kalenda: tarehe iliyoandikwa kwenye ile karatasi ilikuwa Jumapili. Hakuangalia.

Linganisheni na Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, Mei 1858, mjini Beardstown, Illinois. Alimtetea Duff Armstrong, kijana wa familia iliyomtendea wema zamani, aliyeshtakiwa kwa mauaji, ada hakutaka. Shahidi mkuu alisema aliona pigo kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu angani, karibu saa tano usiku. Lincoln hakumbishia. Alimrudisha kwenye mwezi tena na tena, akamwacha aseme mwenyewe kwamba mwezi ulikuwa juu na uling'aa. Alifunga milango yote. Ndipo akatoa almanaka ya mwaka 1857 iliyoonyesha kwamba saa ile mwezi ulikuwa chini, unakaribia kutua. Mshtakiwa akaachiwa. Hakuna ufasaha wowote hapo. Kuna mtu aliyekwenda kutafuta kitabu cha mwezi kabla ya kuja mahakamani.

Kwa hiyo: swali moja, jambo moja. Swali lenye jibu la "ndiyo" au "hapana", na jibu uwe unalijua, au uwe na karatasi ya kulithibitisha. Usimgombeze shahidi, hakimu humhurumia anayegombezwa. Andika kwenye daftari mambo matatu unayoyataka kutoka kwa shahidi huyo, basi. Ukiyapata, kaa. Hoja ya kueleza maana yake itafika, nayo inaitwa majumuisho, na hapo shahidi hayupo tena kukujibu.

Nenda na jalada lililopangwa. Nyaraka zina namba za kurasa, nakala nne: ya mahakama, ya mpinzani, ya shahidi, na yako yenye maandishi yako pembeni. Kila kielelezo kiwe na mtu wa kukitoa, anayeweza kusema kimetoka wapi. Nyaraka nzuri isiyo na shahidi wa kuitoa hubaki ndani ya begi.

Fundi alishindwa. Na hapa ndipo kisa chetu kinapouma zaidi, kwa sababu kosa kubwa lilikuwa bado halijatokea.

Hukumu ilisomwa Jumatatu tarehe 3, mwezi wenye siku 31. Sheria ya mahali pale ilitoa siku 30 za kukata rufaa. Nakala ya hukumu ilitoka tarehe 17. Kijana akahesabu kuanzia nakala ilipomfikia mkononi, akaandika kwenye simu yake: mwisho, tarehe 16 mwezi ujao. Lakini siku zilianza kuhesabiwa pale hukumu iliposomwa, na mwisho wake ulikuwa Jumatano, tarehe 2. Zipo sheria zinazoziondoa siku za kusubiri nakala, kwa sharti kwamba uliiomba mapema kwa maandishi. Yeye aliiomba kwa mdomo, dirishani kwa karani. Mdomo tena!

Tarehe 12 akaenda masjala kifua mbele. Karani akatazama hukumu, akamtazama yeye, akamrudishia makaratasi.

Mali bila daftari huisha bila habari, na haki ya mteja ni mali. Siku unapopokea jalada, tafuta tarehe ya mwisho kabla hujatafuta hoja. Soma kifungu chenyewe, usitegemee kumbukumbu. Jiulize: saa inaanza kugonga kwa tukio gani? Siku ya tukio inahesabiwa au inaachwa? Wikendi na sikukuu zimo? Ikiangukia siku masjala imefungwa inakuwaje? Andika tarehe hiyo sehemu mbili: juu ya jalada lenyewe na kwenye kalenda ya ofisi inayoonekana na mtu mwingine zaidi yako, kwa sababu wewe unaweza kuugua. Weka kengele mbili, ya siku 14 kabla na ya siku 7 kabla. Mtu mwingine ahesabu upya bila kuona jibu lako. Na usipeleke siku ya mwisho. Siku ya mwisho mtandao hukatika, faili hukataliwa kwa kuwa ni kubwa mno, malipo hayasomi; na masjala nyingi hazihesabu hati kuwa imepokelewa mpaka ada yake ilipwe.

Na likitokea? Maana litatokea kwa mmoja wenu humu ndani.

Siku hiyo hiyo mwambie mkuu wako wa kazi. Saa hiyo hiyo kama inawezekana. Mwambie mteja, uso kwa uso, kisha kwa maandishi: kosa ni langu, limetokea hivi, njia zilizopo ni hizi, na una haki ya kumwona wakili mwingine akushauri juu yangu. Mjulisheni mtoa bima ya kazi yenu, mkiwa nayo. Andaa ombi la kuongezewa muda na ulieleze kwa ukweli, siku kwa siku, tangu tarehe 2 mpaka ulipofika mahakamani. Usibadilishe tarehe kwenye barua. Usimsingizie karani. Kosa la kuhesabu vibaya husameheka. La kughushi humvua mtu joho.

Kijana wetu, na hapa nampa heshima yake, alifanya hivyo. Alikwenda eneo la ujenzi, akamkuta fundi juu ya ngazi, akamwomba ashuke, akamwambia. Ombi la muda lilikataliwa. Mahakama nyingi husema uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha. Yule fundi hakuipata awamu yake ya nne kwa njia ya rufaa. Bima ya ofisi ilikuja kumfidia sehemu, baada ya barua nyingi. Nawaomba mkae na picha hiyo kidogo: mtu juu ya ngazi, mwiko mkononi, akiambiwa kwamba siku 10 zimekula nyumba aliyoijenga.

Kuhusu pesa ya mteja nitasema kwa ufupi kwa kuwa haina mjadala. Inakaa kwenye akaunti ya pesa za wateja, mbali na ya ofisi. Haikopwi, hata kwa siku tatu, hata kama mshahara umechelewa na una uhakika wa kurudisha. Kila senti iandikwe ilivyoingia na ilivyotoka, na kila mwezi daftari lilinganishwe na taarifa ya benki. Na siri ya mteja haisimuliwi kwenye lifti, kwenye daladala wala mezani nyumbani.

Na suluhu. Lile shauri la pauni 40,000 halikuishia mahakamani. Gandhi aliona gharama zinavyowamaliza ndugu wale wawili, akawashawishi waende kwa msuluhishi. Mteja wake akapewa pauni 37,000 pamoja na gharama. Je, kazi iliishia hapo? Aliyeshindwa asingeweza kulipa kwa mkupuo bila kufilisika. Akarudi kwa mteja wake mwenyewe, kazi iliyokuwa ngumu kuliko ya kwanza, mpaka akakubali kulipwa kwa awamu ndogo kwa muda mrefu. Ukiandika suluhu, andika hivyo: kiasi, tarehe ya kila awamu, njia ya malipo, na itakuwaje awamu moja ikirukwa. Suluhu isiyosema itakuwaje ni kesi mpya inayosubiri kufunguliwa.

Nina kisa kimoja cha mwisho, cha kweli.

Juni 1961, Panama City, Florida, jumba la mchezo wa pool lilivunjwa. Akashtakiwa Clarence Earl Gideon, mtu asiye na kitu. Aliomba apewe wakili, akanyimwa. Akajitetea mwenyewe. Na alisema! Alisimama, aliwahoji mashahidi, alieleza kwamba hana hatia. Mdomo alikuwa nao. Akafungwa miaka 5. Gerezani akaiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa penseli, na tarehe 18 Machi 1963 majaji wote wakakubaliana kwamba mtu maskini anayeshtakiwa kwa kosa zito lazima apewe wakili.

Agosti mwaka huo kesi ikarudiwa. Shtaka lile lile, chumba kile kile, jaji yule yule. Safari hii alikuwa na wakili, Fred Turner, aliyekuwa amewachunguza mashahidi kabla ya siku ya kesi. Dereva wa teksi alieleza kwamba asubuhi ile Gideon alimwambia asimwambie mtu kuwa amembeba. Linatia shaka, sivyo? Turner akamwuliza dereva kama Gideon alishawahi kumwambia hivyo siku nyingine. Ndiyo, alishawahi. Kwa sababu gani? Kwa alivyoelewa dereva, alikuwa na matatizo na mkewe. Sikilizeni hilo: Turner aliuliza "kwa sababu gani", swali lile lile lililomzamisha kijana wetu. Ila yeye alikuwa amefanya kazi yake kabla ya kusimama.

Baraza la raia walioitwa kuamua kama ana hatia lilitoka kwenda kushauriana. Lilirudi baada ya saa moja hivi, na Gideon akaenda nyumbani.

Asanteni kwa kunisikiliza. Walio na maswali, wasogee mbele.